Kuhama Upana wa Barabara

Barua ya chuo ilikuwa na mistari sita, na ilikuwa imelala siku nne chini ya bakuli la pichi kwenye meza ya jikoni ya Arlene Hearn.

"Mama, hii imekuja lini?" Tressa aliuliza.

"Ipi?"

"Hii niliyoshika."

Mama yake aligeuka kutoka kwenye jiko, akaitazama bahasha kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Jumamosi, nafikiri. Sikujua kama ni ya haraka. Barua za haraka huwa na rangi."

Tressa alikuwa ametoka kazini muda si mrefu, kule wanakototolesha vifaranga, na manyoya yalikuwa bado yamemganda kwenye nyusi. Aliisoma akiwa amesimama. Nafasi yake katika darasa la uuguzi ilikuwepo. Kusomeshwa bure kulikuwa kwa wakazi wa jimbo la Delaware peke yao. Ritani yake ya kodi ya mwaka jana, ambayo aliituma yeye mwenyewe pamoja na maombi, ilisema aliishi Maryland mwaka mzima. Kama kulikuwa na kosa, alete ritani iliyorekebishwa na kupokelewa, pamoja na uthibitisho, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa anayefuata.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri.

Miaka saba Tressa alikuwa akihesabu vifaranga na kuwatenga wenye miguu mibovu. Ilimchukua miaka minne kati ya hiyo kupata ujasiri wa kuomba chuo, na miwili kumaliza masomo ya jioni ya hesabu na kemia. Kwa mshahara wake hakuweza kulipa ada hata ya muhula mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Anayefuata kwenye orodha, bila shaka, alikuwa na kumi na minane.

"Mimi siishi Maryland," alisema, akiiambia barua.

"Unaishi wapi sasa?" mama yake alisema. "Hapa si Maryland?"

"Hapa ni kwako, Mama. Mimi naishi kule." Alinyoosha kidole dirishani. Nje kulikuwa na nyasi za mbele ya nyumba, kisha barabara ya State Street, na ng'ambo yake jengo la matofali lenye duka la kinyozi lililofungwa chini na vyumba viwili juu. Dirisha lenye pazia la kijani lilikuwa lake. Huku kulikuwa Maryland na kule Delaware, na mpaka wa majimbo hayo mawili, unaougawa mji wa Delmar, ulipita katikati ya lami, palepale magari yalipokanyaga mchana kutwa.

"Kule unalala," mama alisema. "Kuishi ni kitu kingine. Nguo zako nafua mimi. Chumba chako kipo, sijakigusa. Chakula cha jioni unakula wapi?"

"Hiyo siyo hoja."

"Ni chakula changu, kwa hiyo ni hoja yangu."

Tressa alitoka nje na simu, akaketi kwenye ngazi za mbele. Alisikiliza muziki wa chuo dakika thelathini na nne. Ulikuwa wimbo mmoja wa kinanda, na kila ulipokaribia kuisha sauti ya mwanamke ilimshukuru kwa uvumilivu wake, ukaanza tena. Mwishowe alipokea mama mmoja aliyejitaja kuwa Bi. Littleton, wa dawati la ukazi. Alikuwa na sauti ya upole, na hilo lilizidisha ugumu, kwa maana hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

"Leseni yako ya udereva?"

"Ya Maryland."

"Gari?"

"Maryland. Nilikuwa nangoja usajili uishe muda."

"Barua zako?"

"Zinakwenda kwa mama. Lakini mimi nilihamia Delaware Juni, mwaka juzi. Na kazi yangu iko Delaware, na sekondari nilisoma Delaware."

"Naona hapa kwamba ulihitimu Delaware," Bi. Littleton alisema taratibu. "Ukiwa unaishi Maryland?"

"Ndiyo. Sote. Shule ya msingi iko upande mmoja na sekondari upande wa pili. Wewe si mtu wa Delmar?"

"Mimi ni wa Dover, mpenzi. Mkataba wa nyumba unao?"

"Hapana."

"Bili ya umeme?"

"Inakuja kwa mwenye nyumba."

Bi. Littleton alishusha pumzi. "Sikiliza. Rekebisha ritani, miaka yote miwili, ofisi ya kodi ikugongee muhuri kwamba wamezipokea. Kisha niletee karatasi moja, moja tu, inayoonyesha ulikuwa unaishi kule wakati ule. Iwe imeandikwa wakati ule, siyo leo. Na aliyeiandika asiwe wewe."

"Nikibadilisha leseni kesho?"

"Kesho si mwaka juzi."

Tressa alikata simu akabaki anatazama barabara. Mtu mzima angeivuka kwa hatua ishirini na moja. Alijua, kwa sababu aliwahi kuzihesabu akiwa mtoto, akiruka mstari wa katikati na kupiga kelele kila mara kwamba sasa yuko nchi nyingine.

*

Mama Mkubwa Verna, dada mkubwa wa Arlene, alikuwa amewajazia watu wa Delmar fomu zao za kodi kwa miaka thelathini na minne. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na meza ya jikoni, mashine ya kujumlisha inayotoa utepe wa karatasi, na kopo la penseli. Kila Februari watu walimletea karatasi zao kwenye makopo ya aiskrimu na mifuko ya mkate, wakamlipa kwa chochote: pichi za chupa, nusu dazani ya kaa, kukatiwa nyasi majira yote ya joto. Aliweka nakala ya kila fomu aliyowahi kuijaza. Alijivunia kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa.

Alikuwa na utaratibu wake. Alitoa nakala ya mwaka uliopita, akaiweka mbele yake, akamwangalia mtu juu ya miwani na kumuuliza swali moja: "Kuna kipya?" Watu wakasema: nimeoa, nimezaa, nimefiwa, nimebadili kazi. Kama hakuna kipya, alinakili jina na anwani na kuendelea.

Tressa alipomaliza kueleza, Mama Mkubwa Verna alivua miwani.

"Nilikuuliza."

"Najua."

"Miaka miwili. Umeketi kwenye kiti hichohicho. Nikakuuliza, kuna kipya? Ukasema, hakuna kipya, Mama Mkubwa. Ukala na keki."

"Nilivuka barabara tu! Nani anayeita kile kuhama? Nilibeba kitanda na Mzee Orrin, mwenye nyumba, tukasimamisha magari kwa mkono. Na wewe uliniona, Mama Mkubwa. Ulituletea juisi baridi ya limau!"

Mama Mkubwa Verna alilitazama kopo lake la penseli.

"Limau nililileta," alikiri. "Kuhama sikukufikiria." Kisha akakasirika, na kwa Tressa hiyo ilikuwa nafuu. "Usinitazame hivyo. Mji huu mtu akihama huwa anakwenda Salisbury, au anakwenda Florida, au anakwenda makaburini. Kuvuka kwenda kwa Orrin Culver! Lete hilo kopo."

Walifanya kazi kuanzia saa kumi na moja. Fomu zilikuwa nne: Maryland mbili, Delaware mbili. Mwaka uliofuata kuhama ulikuwa mwepesi, maana mwaka mzima ulikuwa wa Delaware na Maryland haikuwa na haki ya chochote. Mwaka wa kuhama wenyewe ndio uliowatoa jasho. Ilibidi wauchane vipande viwili kama shuka, siku hizi huku na siku zile kule, na kila jimbo lipewe sehemu yake ya mshahara kwa kadiri ya siku zake.

"Ulihama tarehe ngapi?"

"Kumi Juni. Jumamosi."

"Una hakika?"

"Mzee Orrin alikuwa anachelewa kwenda kuuza kuku wa kuchoma wa harambee ya zimamoto, alinisukuma na kitanda changu ngazini kama anasukuma ng'ombe."

Mama Mkubwa Verna alihesabu siku kwenye kalenda kwa ncha ya penseli, akakosea, akahesabu tena. Utepe wa mashine ulifika sakafuni. Mara mbili jumla zilikataa kukubaliana, na mara mbili alisema neno ambalo Tressa hakujua kwamba Mama Mkubwa analijua. Upande wa Maryland ulionekana kumrudishia Tressa kitu, maana alikuwa ameilipa kaunti ambayo hakuwa mkazi wake. Tressa hakujali. Angewapa hata zaidi kama wangemruhusu kuandika neno moja badala ya jingine.

Mwisho wa kila fomu palikuwa na nafasi yenye mistari mitatu: eleza sababu ya marekebisho.

"Andika kwamba sheria za majimbo mawili zilikuchanganya," Mama Mkubwa alisema.

"Hazikunichanganya. Hatukuziangalia."

"Andika hivyo hivyo."

"Mama Mkubwa."

"Miaka thelathini na minne, Tress." Sauti yake ilishuka. "Hakuna iliyorudi."

Tressa aliichukua penseli mkononi mwa Mama Mkubwa, akaandika: *Nilihama upana wa barabara nikadhani sijahama. Aliyenisaidia aliniuliza, nikamjibu vibaya.* Akamgeuzia asome. Mama Mkubwa Verna alisoma polepole, akavaa miwani, akasoma tena, kisha akainuka na kumkatia kipande cha keki.

*

Alhamisi Tressa aliomba ruhusa kazini, akapewa kwa kununiwa. Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa tayari chini ya ngazi zake mwenyewe, anagonga kioo cha duka la kinyozi lililofungwa.

Mzee Orrin Culver hakuwa amenyoa mtu tangu mikono ianze kumtetemeka, lakini kila asubuhi alikuja kuketi kwenye kiti chake cha kunyolea na kusoma gazeti. Yeye ndiye mwenye jengo. Yeye pia ndiye katibu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, kazi aliyoishika tangu Tressa hajazaliwa.

"Karibu, Moshi," alisema.

Hilo lilikuwa jina lake kwa zimamoto wote. Walimpa wiki ileile aliyohamia, alipoweka scrapple kwenye kikaango, akaenda kufunga pazia, akasahau. Ile nyama ya nguruwe iliyopondwa na unga wa mahindi ina mafuta ya kutosha kuchoma kanisa. Walikuja watu tisa na magari mawili kuzima kikaango kimoja. Mpaka leo, kila alipoingia dukani kununua scrapple mtu alimuuliza kama ameshawapigia simu.

"Mzee Orrin, nahitaji mkataba."

"Wa nini?"

"Wa chumba."

"Tuna mkataba. Wewe unalipa, mimi sikusumbui."

"Wa kuandikwa. Wa mwaka juzi."

Alimweleza. Mzee Orrin alisikiliza, akakunja gazeti, akafungua droo iliyokuwa bado na mikasi ndani, akatoa karatasi na kalamu.

"Basi hakuna neno. Nakuandikia sasa hivi, naweka tarehe ya Juni ile. Nani atajua?"

Tressa aliitazama kalamu ile ikisogea, inatetemeka. Karatasi yenyewe ilikuwa kuukuu, ya manjano pembeni, na ingepita. Bi. Littleton angeishika, angeigeuza, angesema vizuri, mpenzi. Na kweli ingekuwa kweli! Hilo ndilo lililomkera. Kila neno ndani yake lingekuwa kweli isipokuwa tarehe ya kuandikwa. Angeanza masomo ya kushika dawa za watu na kuandika saa alizowapa, na karatasi ya kwanza kwenye faili lake ingekuwa na saa ya uongo.

"Acha," alisema.

"Nimeshaandika nusu."

"Acha, Mzee Orrin. Tafadhali." Akaketi kwenye kiti cha wanaosubiri na kuweka uso mikononi. "Nimeishi pale juu miaka miwili. Kila mtu ananiona. Mji mzima unajua chumba kipi, unajua pazia rangi gani, unajua nimeunguza nini. Na hakuna hata karatasi moja!"

"Usilie kwenye duka la kinyozi, Moshi. Watu watadhani nimekunyoa."

Tressa aliinua uso. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama.

"Siku ile ya moshi," alisema. "Mliandika?"

"Tuliandika nini?"

"Mlipokuja. Huwa mnaandika?"

"Mwanangu, tunaandika hata paka akipanda mti. Tunahudumia majimbo mawili. Kila wito lazima uonyeshe ulikuwa upande gani, la sivyo ikifika kugawana gharama za mafuta hawa wanasema ni wa wale na wale wanasema..." Akaiweka kalamu chini. "Aisee."

Kituo cha zimamoto kilikuwa mwendo wa dakika tatu. Vitabu vilikuwa kwenye kabati la chuma, kimoja kwa kila mwaka, mwandiko wote wa Mzee Orrin, kutoka ule ulionyooka hadi ule uliojikunja. Alilamba kidole akafunua Juni. Ajali ya trela. Nyasi kando ya reli. Mzee aliyeanguka bafuni. Kisha akasimamisha kidole, akasoma kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika.

"Nini? Haipo?"

"Ipo." Alikigeuza kitabu. "Soma mwenyewe."

*Jumatano 14 Juni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Upande wa DELAWARE. Namba 14, juu ya duka la kinyozi. Moshi jikoni, scrapple. Hakuna aliyeumia, isipokuwa kikaango. Aliyepiga simu: Arlene Hearn, kutoka ng'ambo, Maryland. Amesema: Ni kwa binti yangu. Amehamia pale Jumamosi. Namba kumi na nne, ghorofani, mlango wa nyuma. Nilikuwa namwona dirishani, sasa simwoni. Harakisheni, yuko peke yake.*

Tressa alisoma mara mbili. Sikuzote alidhani ni mpita njia aliyepiga ile simu.

"Alikuwa anapiga kelele," Mzee Orrin alisema. "Nilimwambia, Arlene, tulia, uko hatua ishirini kutoka pale, kwa nini usiende? Akasema miguu imekataa. Sikuandika hilo."

Alitoa kopi kwenye mashine ya kituo, akaandika chini yake kwamba ni kopi halisi, akagonga muhuri wa kikosi kwa nguvu hata meza ikaruka.

*

Ijumaa alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya kodi ya Delaware, mjini Georgetown. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na bahasha ya Maryland alikuwa ameshaipeleka posta kwa rejista. Zilibaki za Delaware tu. Kijana wa dirishani alizipokea, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akazirudisha chini ya kioo.

"Ni penseli."

"Samahani?"

"Fomu zimejazwa kwa penseli. Hatupokei penseli."

Tressa alizitazama. Ilikuwa saa mbili na nusu na zile karatasi zilikuwa kurasa kumi na mbili, kila kisanduku kimejazwa kwa mwandiko mdogo wa Mama Mkubwa Verna, wenye mkia kwenye kila saba. Miaka thelathini na minne alijaza kwa penseli, kisha wenye fomu wakapita na kalamu nyumbani kabla ya kusaini. Kila mtu Delmar alijua. Tressa alijua. Alisahau.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Iko pale, imefungwa."

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mfupi kwenye meza ya ukutani, mfupi kiasi kwamba ilibidi karatasi ziende kwake. Alisimama pale akipitia tarakimu moja baada ya nyingine. Wino ulikatika kwenye ukurasa wa tano. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwazima kalamu yake, akaondoka, akarudi kuidai, akamwachia. Alipofika kwenye ile mistari mitatu ya sababu, mkono ulikuwa unamuuma hata neno *barabara* likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza. Watu kumi na mmoja walihudumiwa mbele yake. Saa tatu na dakika hamsini alirudi mwisho wa foleni. Saa nne na robo kijana yuleyule akagonga muhuri, mara mbili, bila kumtazama usoni.

"Siku njema," kijana alisema.

Tressa alikuwa na majibu mengi, akayabeba yote hadi kwenye gari.

Chuoni Bi. Littleton aligeuka kuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya michezo. Alisoma ritani, akasogeza miwani kwenye maelezo ya sababu, akacheka kidogo puani. Kisha akachukua karatasi ya zimamoto. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Saa ya ukutani nyuma yake ilionyesha saa tano na dakika thelathini na nane.

"Sijawahi kupokea hii," alisema.

Tressa aliinamia dawati. "Imeandikwa wakati ule. Siyo mimi niliyeandika."

"Nimeona." Bi. Littleton alisoma mstari wa mwisho tena. "Mimi nina binti Texas," alisema, si kwa Tressa hasa. Akavuta kibodi, akabonyeza kitu, akabonyeza kingine. Mashine ikafikiri. Ikakataa. Akabonyeza tena. "Basi," alisema. "Umeingia. Masomo Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Na nenda ukabadilishe hiyo leseni, kwa jina la Mungu."

*

Alidhani angefurahi. Njia nzima alikuwa amechoka na kukasirika tu, kama mtu aliyesukuma mlango siku tatu ukafunguka akaanguka ndani.

Mama yake alikuwa ameandaa kuku na tambi pana za unga, zile zinazoteleza, chakula cha Jumapili siku ya Ijumaa. Sahani zilikuwa mbili. Tressa aliketi mahali pake pa siku zote, lakini kabla ya kushika uma aliiweka ile karatasi katikati ya meza, juu ya kitambaa.

"Nini hiyo?"

"Soma."

Arlene alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika mwiko. Midomo yake ilisogea kwenye maneno. Alipomaliza alirudi kwenye jiko akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Orrin Culver hana kazi," alisema. "Mtu anapiga simu ana hofu, yeye ameketi anaandika."

"Siku zote ulisema sijahama."

"Nilisema umehama kwa ajili ya zimamoto tu. Ungetaka niwaambie waje hapa?"

"Mama."

"Nilikuwa naosha vyombo tu. Dirisha liko pale, macho yatakwenda wapi?" Alizima jiko. "Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

Arlene aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. Kisha akafuta mikono, akafungua droo ya vijiko, na kutoka chini ya vijiko akatoa kadi ya posta, ile ya kubadilisha anwani. Ilikuwa imekunjika pembe. Tressa hakuweza kujua kama ilitolewa posta jana au mwaka juzi.

"Jaza," mama alisema, "barua zako ziache kulala kwenye pichi zangu. Jaza mwenyewe, mimi hiyo anwani yako siijui."

"Unaijua, Mama. Uliwatajia mpaka mlango wa nyuma."

Arlene alimtazama kwa hasira ya kweli. Kisha akavuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono kwa ajili ya kalamu, na akaanza kuandika mwenyewe, akiikandamiza kadi mpaka herufi zikatokea nyuma. Aliandika jina. Aliandika namba kumi na nne. Alipofika kwenye jimbo alisimama.

"Kula," alisema bila kuinua macho. "Hii nitaimaliza. Tambi zinashikana."

Tressa akachukua uma, akala.